Kiyoyozi cha Chumba cha Kulala

Barua tuliyoichagua juma hili imetoka Pakwach, kwenye ukingo wa Mto Naili, mahali ambapo jua la mwezi wa Februari halina huruma. Aliyeiandika ni mke wa askari polisi. Mumewe amepangwa zamu ya usiku. Hurudi alfajiri, huoga, hunywa chai, kisha hujaribu kulala wakati ule ule bati la nyumba linapoanza kulia kwa joto. Saa nane za mchana huamka amelowa jasho, na ikifika saa moja ya jioni huchukua bunduki yake na kwenda tena lindoni, naye hajapata usingizi wa saa tatu. Bibi huyu ameweka akiba kwa muda wa miezi kumi, na sasa anataka kununua kiyoyozi cha vipande viwili, kile ambacho kipande kimoja hukaa ukutani chumbani na kingine nje. Muuzaji amemshauri achukue cha BTU 18,000, kwa hoja kwamba kikubwa ndicho chenye nguvu. Chumba chao kina urefu wa mita 4 na upana wa mita 3. Anatuuliza kama aufuate ushauri huo.

Dada yetu, usiufuate. BTU ni kipimo cha joto ambalo mashine huweza kulitoa chumbani kwa saa moja. Kanuni ya mafundi wengi katika nchi za joto ni BTU 600 kwa kila mita moja ya mraba. Chumba chako ni mita 12 za mraba, nazo zikizidishwa hivyo huleta 7,200. Ongeza kidogo kwa ajili ya miili yenu, kwani mtu aliyelala hutoa joto karibu sawa na taa ya zamani ya wati 75, na kwa ajili ya dirisha linalotazama magharibi ulilolitaja. Mashine ya BTU 9,000, ambayo ndiyo ndogo iliyoenea madukani, yatosha.

Pengine utauliza kuna dhara gani kuzidisha. Dhara lipo, na watu wengi hawalijui. Mashine ya kwanza ya namna hii ilibuniwa na Willis Carrier mwaka 1902 kwa ajili ya kiwanda cha uchapaji huko Brooklyn, Marekani. Hakuiunda ili watu wapate usingizi. Karatasi za kiwanda hicho zilikuwa zikitanuka na kusinyaa kwa sababu ya unyevu wa hewa, na rangi zikawa hazikai mahali pake. Kwa hiyo kukausha hewa ni kazi ya kiyoyozi tangu siku ya kwanza, sawasawa na kupoza. Mashine kubwa kupita kiasi hupoza chumba kwa dakika chache, ikajizima kabla ya kuyatoa maji yaliyomo hewani. Matokeo yake ni chumba chenye baridi na unyevu kama pango; shuka hunata mwilini na kuta huota ukungu. Tena kila inapowaka upya hula umeme mwingi kwa mkupuo na kuichosha kompresa.

Hata hivyo kuna jambo moja katika barua yako lililotusumbua kuliko hilo la ukubwa. Umeandika kwamba nyumba haina dari. Kanuni ile ya 600 ni ya chumba chenye dari. Mtu anayelala usiku huenda akaponea, lakini mumeo analala mchana, saa ambazo bati huwaka kama kikaango na joto lake humshukia moja kwa moja. Ukiweka kiyoyozi chini ya bati tupu utakuwa unawapoza kunguru wa juu ya paa. Twakushauri utenge sehemu ya akiba yako ujenge dari kwanza, hata ya mbao nyembamba, uzibe matundu baina ya ukuta na paa, na utundike pazia zito dirishani. Yawezekana kabisa kwamba baada ya dari feni itatosha kwa miezi mingi ya mwaka, na kiyoyozi kikabaki cha kuanzia Desemba hadi Machi. Ikiwa dari haiwezekani, basi chukua cha 12,000, ukijua kwamba utalipia umeme wa bure kila siku.

Kuhusu umeme wenyewe, hesabu ni rahisi. Mashine ya 9,000 ikifanya kazi kwa nguvu zote hula kiasi cha wati 800. Kwa saa 7 za usingizi ni yuniti 5.6. Zidisha kwa bei iliyomo katika risiti yako ya mwisho ya umeme. Hicho ndicho kiwango cha juu, kwani chumba kikisha kupoa mashine hupumzika. Ile iitwayo inveta haiwaki na kuzima ovyo, bali hupunguza mwendo wa kompresa kidogo kidogo, nayo hutumia pungufu. Bei yake ni kubwa zaidi, lakini kwa mtu anayeiwasha kila siku hurudisha gharama. Weka kipimo kwenye digrii 25 au 26. Kuteremsha hadi 16 hakufanyi chumba kipoe haraka, kama wengi wanavyodhani. Huifanya mashine ikimbie bila ya kufika.

Soma pia kibandiko cha kipande cha nje ujue gesi iliyomo. Ukiona R-22, hata kama ni mtumba wa bei ya chini, achana nayo. Gesi hiyo huharibu tabaka la ozoni, na nchi zinazoendelea zimepewa hadi mwaka 2030 kuiacha. R-410A haina dhambi hiyo, lakini huongeza sana joto la dunia, na ndiyo mojawapo ya zile ambazo mataifa yalikubaliana kuzipunguza katika mkutano wa Kigali wa Oktoba 2016. Mashine nyingi mpya zina R-32, ambayo madhara yake kwa hali ya hewa ni kama theluthi moja ya hiyo. Huweza kushika moto kidogo, kwa hiyo fundi asivute sigara anapoifungua, na kamwe asiitie katika mashine iliyotengenezewa R-22.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo mwandishi wa ukurasa huu alilipia kwa fedha zake mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilinunua mashine nzuri, nikampa fundi wa bei nafuu aifunge. Alimaliza kwa saa moja na nusu, nami nikamsifu kwa wepesi. Baada ya miezi 5 ikaacha kupoza. Akaja akatia gesi, nikalipa. Baada ya miezi 4 tena vivyo hivyo. Mara ya tatu kompresa ilikuwa imekwisha kufa. Laiti ningalijua wakati ule kwamba gesi ya kiyoyozi hailiwi kama petroli! Huzunguka mle mle ndani ya mabomba miaka nenda miaka rudi. Fundi anayekuambia kwamba ni desturi kuongeza gesi kila mwaka anakuambia kwamba mabomba yake yanavuja.

Basi siku ya kufunga, dada yetu, usiende sokoni. Keti barazani utazame. Mabomba mawili ya shaba, jembamba la robo inchi na nene la thumni tatu za inchi, yakisha kuungwa huwa yamejaa hewa ya kawaida yenye unyevu. Hewa hiyo sharti iondolewe yote, la sivyo itachanganyika na gesi na mafuta ya kompresa na kuyageuza kuwa asidi. Fundi wa kweli huja na pampu ya kunyonya hewa pamoja na geji. Huiacha pampu ifanye kazi kwa nusu saa hivi, huifunga, kisha hungoja robo saa akiangalia mshale wa geji. Ukitulia, mabomba hayavuji, naye hufungua gesi. Ukipanda, pana tundu. Arudie maungio yake. Fundi wangu hakuwa na pampu. Alifungua gesi kidogo, akaiacha ifukuze hewa kwa sauti ya "pssss", akafunga. Ukiisikia sauti hiyo, msimamishe. Au tuseme vizuri zaidi: kabla ya kupatana bei, mwambie akuonyeshe pampu.

Mengine ni mepesi. Kipande cha ndani kikae juu, na nafasi kati yake na dari kwa kadiri ya kitabu chake, wala kisimpulizie mlalaji usoni. Tundu la ukutani na bomba la maji viinamie nje, ili maji yasirudi kitandani. Kipande cha nje kikae kivulini penye upepo, kwenye vyuma imara. Ukikizungushia kizimba kwa kuogopa wezi wa shaba, nondo ziwe na nafasi kubwa. Waya uwe wake peke yake kutoka kwenye kisanduku cha swichi, wenye unene wa milimita 2.5 za mraba na waya wa ardhi, wala usipitishwe katika soketi ya kuunganishia ambako birika na pasi zimechomekwa. Ongeza kile kifaa cha kulinda friji, kinachongoja dakika chache umeme ukirudi. Vichujio vioshwe kwa maji kila baada ya majuma mawili. Ikiwa nyumba ni ya serikali, pateni ruhusa kwa maandishi kabla ya kutoboa ukuta.

Tafadhali mfahamu vizuri jambo hili: kiyoyozi cha namna hii hakileti hewa mpya. Huizungusha ile ile iliyomo. Chumba kilichofungwa madirisha ni chumba kilichofungwa. Jiko la makaa lisiingizwe humo hata kama limebaki na majivu mekundu tu, wala jenereta isiwekwe barazani au chini ya dirisha. Moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu, na mtu aliyelala hapati onyo lolote. Chandarua nacho kibaki, kwani mbu hawauawi na digrii 25.

Umemaliza barua yako kwa kuuliza mtafanyaje mkipata uhamisho. Swali hili litawahusu wengi katika kambi na kota. Mashine huhamishika, na gesi yake pia. Fundi huiwasha ikiwa inapoza, hufunga vali ya bomba jembamba kwenye kipande cha nje, na kompresa huivuta gesi yote kuirudisha kwake. Geji ikikaribia sifuri hufunga vali ya bomba nene na kuzima mashine papo hapo. Ni baada ya kuzima, si kabla, ndipo mabomba hufunguliwa. Kompresa ikivuta hewa huweza kupasuka na kuua. Ncha za mabomba huzibwa ili vumbi na maji yasiingie. Katika lori, kipande cha nje kisafiri kikiwa kimesimama wima na kufungwa kwa kamba, na mkifika kituo kipya kiacheni kitulie kabla ya kuwashwa. Huko nako fundi atahitaji pampu, kwa hiyo muulizieni mapema.