Diski ya Harusi Isifie Kabatini

Wapendwa akina mama wenzetu, mwezi huu tunawaomba mfungue kabati na kutazama chini ya vitambaa vya meza na albamu za picha. Wengi wetu tutaikuta pale diski ya harusi, ya ubatizo au ya kipaimara. Tuliilipia fedha nyingi, tukaitazama mara mbili tatu pamoja na wageni, kisha tukaiweka tukidhani iko salama.

Nasi tulidhani hivyo. Nyumbani kwetu hapa Babati tulikuwa na DVD ya harusi ya mwaka 2009. Ndani yake baba mkwe, ambaye sasa ni marehemu, anasimama kuwabariki maharusi kwa Kiiraqw, kwa maneno marefu ya kizee ambayo wajukuu wake hawayajui. Krismasi iliyopita tuliiweka kwenye deki ili watoto wamsikie babu yao. Ilikwenda vizuri hadi kwenye keki, kisha ikaanza kukwama. Baba mkwe alifungua kinywa, akaganda hivyo hivyo. Watoto walicheka. Mama mkwe hakucheka.

Kijana wetu anayesoma mambo ya kompyuta alitueleza sababu. Diski ya filamu iliyotoka kiwandani ina alama zilizopigwa chapa ndani ya plastiki. DVD ya harusi imechomwa kwenye kompyuta ya mpiga picha, na alama zake zimo katika utando mwembamba wa rangi ambao hufifia kwa joto na mwanga. Ongezeni vumbi la kiangazi na vidole vya watoto, mtaelewa kwa nini haidumu. Dawa yake ni kuihamishia kwenye kompyuta mapema.

Kwanza, ifuteni kwa kitambaa laini, kutoka katikati kwenda ukingoni. Msifute kwa kuzungusha, maana mkwaruzo wa mviringo ndio unaoharibu zaidi.

Pili, tafuteni kompyuta yenye sehemu ya kuingizia diski. Laptopu nyingi za siku hizi hazina, hivyo huhitaji kifaa cha pembeni kinachochomekwa kwa waya. Ulizeni ni cha aina gani. Kifaa cha DVD husoma kwa mwanga mwekundu, na diski za Blu-ray zenye picha ang'avu zaidi husomwa kwa mwanga wa buluu. Kifaa cha DVD pekee hakiwezi kuzisoma.

Tatu, fungueni diski na kunakili lile folda liitwalo VIDEO_TS lote zima. Hakikisheni betri imejaa, umeme usije ukakatika katikati ya kazi.

Nne, wekeni nakala ya pili mahali pengine, hata nyumbani kwa shangazi. Kompyuta nayo huibwa na hufa.

Kuhusu nafasi, DVD ya kawaida hubeba gigabaiti 4.7, hivyo flashi ya gigabaiti 32 hutosha DVD sita. Blu-ray moja hubeba gigabaiti 25 au 50. Wala msidanganywe kwamba DVD ikiingizwa kwenye kompyuta itakuwa ang'avu kama Blu-ray. Itabaki vile ilivyopigwa.

Yetu iligoma katika kompyuta ya kwanza, ikakubali katika ya pili. Baraka ya baba mkwe ilipatikana, ingawa maneno machache yamepotea na hayatarudi. Tungeamka mapema, tungeyapata yote.

Lakini jambo halikuishia hapo. Kijana alipoona kazi ni rahisi, alileta Blu-ray za filamu ambazo shangazi yake alimtumia kutoka Ujerumani. Hizo zina kufuli la kuzuia kunakili. Alitaka kulivunja, kisha awauzie wenzake nakala. Tulipomkataza, alitujibu kwa adabu, "Mama, mbona ile diski ya filamu kumi kwa moja mliinunua stendi?"

Tulinyamaza, kwa sababu alisema kweli. Tuliinunua kwa bei ya chini tukijua kabisa kwamba waliocheza filamu zile hawapati hata senti. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inampa mtu nafasi ya kunakili kwa matumizi yake binafsi, lakini kunakili ili kuuza bila idhini ya mwenye kazi ni kosa. Mama anayeamka saa kumi usiku kukaanga maandazi angejisikiaje kama mwingine angelibeba beseni lake na kwenda kuuza?

Basi tulimwomba radhi mtoto wetu, na diski ile ya stendi tukaitupa. Filamu za shangazi zinatazamwa sebuleni kama zilivyo, kufuli lake halikuguswa. Kompyuta ikabaki na yaliyo yetu: harusi, ubatizo, na sauti ya babu.

Wenzetu, hatuwezi kuwafundisha watoto uaminifu kwa maneno huku mikono yetu ikifanya vingine. Jumamosi hii, baada ya kufua, toeni diski zenu kabatini mjaribu kama bado zinaongea. Wazee waliomo ndani hawatasimama tena kutubariki mara ya pili.

Hadi mwezi ujao, kaeni salama.