Boha Hukuniuliza

Jioni za Julai mjini Lushoto, mita zipatazo 1,400 juu ya usawa wa bahari, humfanya mgeni aliyepanda kutoka Mombo atafute sweta. Jioni moja ya namna hiyo rafiki yangu wa tangu chuoni, aliyekuja kutoka Nairobi kunisalimu, aliweka mezani chupa nne za bia ya kiwanda kidogo, ya aina iitwayo pale ale, na kando yake karatasi yenye safu za alama. Wasomaji ambao imani yao imewakataza kileo, nao ni wengi katika milima hii, wataniwia radhi. Kilichonisukuma kuandika ni ile karatasi kuliko zile chupa.

Karatasi hiyo ilifuata utaratibu wa BJCP, mpango wa Marekani wa kuwathibitisha majaji wa bia ulioanzishwa mwaka 1985. Bia hupimwa kwa alama 50: harufu 12, mwonekano 3, ladha 20, namna kinywaji kinavyohisiwa mdomoni 5, na tathmini ya jumla 10. Jaji haandiki "nzuri" au "mbaya" akaishia hapo. Hutakiwa aeleze alichokiona, alichokinusa na alichokionja, ili mpishi wa bia ajue la kurekebisha. Nilipenda nidhamu hiyo. Mtu anaonja funda mbili tatu, anaandika, anaiweka bilauri chini.

Basi tukaonja. Rangi ilikuwa ya asali mbichi, povu lilisimama vizuri, na harufu yake ilikuwa ya ganda la chungwa. Harufu hiyo hutoka kwenye hopsi, maua ya mmea utambaao ambayo huchemshwa pamoja na maji ya kimea cha shayiri na kuipa bia uchungu wake. Waingereza ndio walioanzisha aina hii. Mji wa Burton upon Trent ulipata sifa kwa sababu maji ya visima vyake yana salfeti nyingi, nayo salfeti huufanya uchungu wa hopsi usikike wazi. Wamarekani wakaibadili kwa hopsi zao zenye harufu ya machungwa, na kiwanda cha Sierra Nevada huko Chico, California, kilichoanza kupika pale ale yake mwaka 1980, kikawa kielelezo cha wengi. Ile yetu ilikuwa mjukuu wa hiyo. Niliipa alama 34, kwa kuwa uchungu wake ulibaki kooni kama mwarobaini muda mrefu baada ya harufu kuondoka. Rafiki yangu, ambaye ni mkarimu, aliipa 38, kisha akasema, "Lakini hii ni kali."

Nikageuza chupa nikasoma: asilimia 5. Bia ya kawaida kabisa.

Neno "kali" ni tajiri mno katika lugha yetu. Pilipili ni kali, siki ni kali, gongo ni kali, na mwalimu wa hesabu ni mkali. Tukilitumia kwa kileo, tunachanganya mambo matatu yasiyo na undugu: uchungu wa hopsi, ugwadu wa uchachu na wingi wa alkoholi. Moto wa gongo kila mtu huuhisi kooni. Lakini kati ya asilimia 4 na 8, hasa penye sukari, ulimi hudanganyika kwa urahisi. Pale ale chungu huogopwa, na pombe tamu yenye nguvu maradufu hunywewa kama juisi.

Hapo ndipo inapoingia boha, pombe ya maji ya miwa. Juisi ikikamuliwa na kuachwa ichachuke, hamira hula sukari na kutoa alkoholi na gesi. Kila saa inayopita utamu hupungua na nguvu hupanda, mpaka bakteria wa siki wapate nafasi na kuigeuza kuwa chachu. Joto huharakisha kazi hiyo, kwa hiyo boha iliyopikwa bondeni haiendi mwendo mmoja na iliyopikwa Magamba kwenye baridi. Chungu cha Ijumaa si chungu cha Jumapili, ingawa jina, mwuzaji na bei havikubadilika. Haina lebo, na hata ingekuwa nayo, lebo ya asubuhi ingekuwa ya uongo jioni.

Nilijifunza hayo kwa aibu. Miaka mingi iliyopita, nikiwa daktari kijana katika hospitali ambayo sitaitaja, tulimpokea mzee aliyevunjika paja alipokuwa akivuna mapeasi. Nilimwuliza, "Baba, unatumia pombe?" Akajibu, "Hapana, daktari." Nikaandika kwenye faili: hatumii pombe. Usiku wa tatu akaanza kutetemeka, akaloa jasho, mapigo ya moyo yakaenda mbio, akawa anaokota shukani wadudu wasiokuwapo. Ndugu zake wakanong'ona kuhusu uchawi. Muuguzi wa zamu alikwisha kuandaa bandeji za kumfunga mikono. Mimi nilikuwa naagiza kipimo cha malaria kwa mara ya pili, na nilikuwa nimeanza kufikiria kumpeleka Lutindi, hospitali ya magonjwa ya akili iliyoko upande wa Korogwe wa milima hii, mahali palipoanza mwaka 1896 kama makazi ya watoto waliokombolewa utumwani. Nadhani huko wangemwuliza vizuri kuliko nilivyomwuliza mimi.

Aliyemwokoa ni mkewe. Alinisubiri barazani, akaniamkia ingawa ni mimi niliyepaswa kumpa shikamoo, akauliza kama anaweza kumletea mumewe "kinywaji chake cha nyumbani", maana huenda kukikosa ndiko kunakomsumbua. Alikuwa amekificha chini ya kanga, katika kidumu cha lita tatu. Nilikinusa, nikaelewa. Mzee alikuwa akiweweseka kwa kukatishwa kileo ghafla, hali ambayo isipotibiwa huweza kuua. Tulimpa diazepamu, tukamchoma vitamini B1 kabla ya kumtundikia dripu ya glukosi, tukamweka mahali patulivu penye mwanga. Siku ya sita alinitambua. Nilipomwuliza kwa nini hakuniambia, alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Uliniuliza pombe, mwanangu," alisema. "Boha hukuniuliza."

Hakuwa amenidanganya. Kwake pombe ni ile ya baa, ya chupa, ya watu wanaorudi usiku wakiimba. Boha ni ya shambani.

Sisi watoa huduma tuna karatasi yetu ya alama. Ni dodoso la AUDIT la Shirika la Afya Duniani: maswali 10, kila moja likiwa na alama 0 hadi 4, jumla 40, anayepata 8 au zaidi unywaji wake huhitaji kuangaliwa. Ni chombo kizuri na ninakitumia. Lakini swali la pili huuliza mtu hunywa vipimo sanifu vingapi kwa siku, na kipimo sanifu ni gramu 10 za alkoholi. Kwa chupa, hesabu ni nyepesi: mililita 500 za bia ya asilimia 5 zina mililita 25 za alkoholi, nazo ukizizidisha kwa 0.8 unapata gramu 20, yaani vipimo viwili. Kwa jagi la lita moja la boha, likiwa na asilimia 4 ni gramu 32. Likiwa na asilimia 8 ni gramu 64. Mgonjwa anasema "jagi moja", muuguzi anaandika "1", na alama inayotoka haina uhusiano na ini la mtu huyo.

Maoni yangu ni kwamba tumwige jaji wa bia: tueleze kwanza, alama zifuate. Tumtajie mgonjwa vinywaji kwa majina yake, boha, mvinyo wa ndizi, bia, gongo, bila kukunja uso. Tumwulize chombo, na kama inawezekana tuwe na vyombo vyenyewe chumbani, kikombe, jagi na kidumu, tuvioneshe kwa mkono. Tuulize siku ya ngapi tangu kipikwe. Tuulize saa ya funda la kwanza, kwa maana anayehitaji kunywa asubuhi ili mikono itulie ana hatari tofauti na anayekunywa harusini. Na neno "mlevi" lisionekane tena kwenye faili la mtu. Hilo ni alama iliyotolewa bila maelezo, na jaji yeyote wa bia angerudishiwa karatasi yake.

Nawe unayesoma haya ukiwa mgonjwa au jamaa ya mgonjwa, nikuombe mambo mawili. Kama unakunywa kila siku na mikono hutetemeka ukichelewa, usiache ghafla peke yako nyumbani. Njoo kituoni upunguziwe kwa dawa na uangalizi. Na usiuamini ulimi kukulinda na gongo. Methanoli haina ladha ya kukuonya. Kenya ilizika makumi ya watu mwezi Mei 2014 baada ya kunywa pombe iliyochanganywa nayo, na wengine wakapofuka. Mtu akiona ukungu machoni baada ya kunywa, asilazwe nyumbani akisubiriwa kupata nafuu.

Rafiki yangu aliuliza jioni ile kama daktari wa ini ana haki ya kutoa alama kwa bia. Swali la haki. Shirika la Afya Duniani lilieleza Januari 2023 kwamba hakuna kiasi cha kileo kinachoweza kuitwa salama, na kileo kimo katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani. Sikumbishia. Chupa mbili zilirudi Nairobi zikiwa na vizibo vyake.

Yule mzee alirudi kliniki baada ya majuma sita kuangaliwa mguu. Nilikuwa nimemwomba aje na jagi lake, naye alikuja nalo ndani ya mfuko wa rambo, jagi la plastiki la buluu lililopauka, ambalo siku zote aliliita "lita". Tulilijaza maji, tukayamimina kwenye chombo cha kupimia cha maabara. Yalikuwa mililita 1,400. Akacheka sana, akasema kumbe mwuzaji anampenda. Kisha akaniambia, bila kuulizwa, kwamba ameanza tena, jagi moja kila jioni. Nilifungua faili lake, nikapiga mstari mmoja juu ya maneno "hatumii pombe", nikatia saini na tarehe kando, nikaandika: boha, jagi la mililita 1,400, moja kila jioni. Halafu tukaanza mazungumzo upya.