Mashimo ya Wasirikwa yanangoja kibao

Mhariri,

Magofu ya Gedi yalipoingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2024, mtu wa Ainabkoi hakukosa kuuliza: na mashimo ya Wasirikwa, wafugaji wa kale, je? Yametapakaa Uasin Gishu, mapana, ya mviringo, yameota nyasi. Zamani ng'ombe walilazwa humo. Leo ng'ombe hula humohumo, mara nyingi bila hata kibao.

Orodha ya UNESCO humpa mgeni wa mbali sababu ya kuuliza njia. Haimwondolei hofu, ingawa. Lamu imo tangu 2001, lakini utekaji nyara wa wageni mwaka 2011 uliwakimbiza watalii.

Iten nayo, ng'ambo ya Eldoret, haimo orodhani, na Wazungu wamejaa wakikimbia alfajiri. Kaunti yetu ianze na kibao barabarani na mtu wa kueleza.

Msomaji, Ainabkoi