RUHUSA YA KUCHIMBA INATOKA KWA NANI?

Hapa kwetu Kabambare dhahabu iko karibu, lakini sheria iko mbali. Mtu anafika na detekta, ile mashine inayolia juu ya madini, anasema: «Niko na ruhusa.» Anaonyesha karatasi yenye muhuri, na wazee wananyamaza, kwani imeandikwa kwa Kifaransa.

Sheria ya mwaka 1973 inasema udongo ni mali ya Leta. Kumpigia shefu wa kijiji hodi ni heshima, lakini yeye hawezi kuuza ruhusa ya kuchimba. Sheria ya madini ya mwaka 2002, iliyogeuzwa mwaka 2018, inaonyesha njia: mchimbaji wa mikono awe Mukongomani, mtu mzima, ndani ya kooperative inayokubaliwa, tena awe na karte. Karte hiyo inadumu mwaka 1 tu, na kazi ni mahali palipotengwa na Leta, si po pote. Njo maana sisi tulio chini ya miaka 18 mashimo si yetu.

Sisi tunaona sheria hii ingebandikwa sokoni kwa Kiswahili. Lakini tusingojee. Wengi wetu tunalipiwa masomo na dhahabu ile ile. Basi tukienda likizo tuwasomee baba zetu karatasi: jina la nani? mahali gani? mwaka gani? Asiyejua kusoma karte yake atalipa mara mbili.