Baka Lisilopona Tusilifiche

Juma hili twazungumzia baka la ngozi ambalo mama hulidhania mba na baba huliita choa. Likipakwa dawa ya dukani hufifia. Dawa ikiisha, hurejea. Aghalabu ni maradhi mepesi. Lakini baka linalodumu kwa miezi na miaka laweza kuwa mwanzo wa saratani adimu ya limfu iitwayo maikosisi fungoidesi.

Mwaka 1806 tabibu Jean-Louis Alibert wa Paris alimweleza mgonjwa mwenye uvimbe mfano wa uyoga, na jina likatokana na umbo hilo. Hata hivyo, maradhi haya hayaletwi na fangasi wala hayaambukizi. Zinazougua ni seli T, chembe nyeupe za damu zilizo askari wa mwili, ambazo hukusanyika ngozini na kuongezeka pasipo mpaka.

Mabaka hupenda sehemu zisizopigwa na jua: matako, mapaja, kiunoni na chini ya matiti. Katika ngozi nyeusi huweza kuwa meupe kuliko ngozi inayoyazunguka, hivyo hufananishwa na mbalanga au ukoma.

Jicho tupu halitoshi kuamua. Daktari hukata kipande kidogo cha ngozi, kikachunguzwa kwa hadubini. Katika pumu ya ngozi, seli hizo huingia tabaka la juu pamoja na majimaji yanayolivimbisha. Katika saratani hii hupanda tabaka hilo bila majimaji mengi. Baadhi hujipanga chini yake kama shanga uzini, kila moja ikizungukwa na uwazi mweupe. Viini vyao huwa vikubwa na vyenye mikunjo kama ya ubongo. Wakati mwingine hujikusanya vifungu vifungu, lakini mwanzoni vifungu hivyo mara nyingi havionekani. Kutokuwapo kwake si hoja ya kumtoa mgonjwa shakani.

Kwa kuwa dalili hizo ni hafifu, kipimo kimoja huenda kisitoe jibu, na mgonjwa akaombwa arudie. Asidhani kwamba anachezewa. Tena amwambie daktari dawa zote alizopaka, kwani zile za steroidi huweza kuzificha dalili.

Linalotutia hofu zaidi ni kuona haya. Sehemu hizo ni za sitara, na wapo wanaokaa kimya miaka mingi kwa kuchelea kuvua nguo mbele ya tabibu. Haya ni pambo la muumini, lakini sheria imeruhusu kufunua kiasi cha haja ya tiba. Mke aweza kuomba tabibu mwanamke, na mumewe amsindikize. Wanandoa, ambao ni vazi la kila mmoja kwa mwenzake, ndio wa kwanza kuliona baka la mgongoni.

Ukigundulika mapema, ugonjwa huu hutulizwa kwa dawa za kupaka na tiba ya mwanga, na wengi huishi nao miaka mingi. Basi tusimwache mtu wetu aumie kwa kunyamaza.