Mpilipili katika Nchi ya Baridi

Wengi wenu mna ndugu au watoto wanaokaa Ubelgiji. Huko Brussels si ajabu kuona mpilipili katika kopo, dirishani mwa nyumba ya Mkongo. Hapa kwetu mpilipili huishi miaka kadhaa nyuma ya jiko, wala hakuna anayeushughulikia. Kule waweza kufa kwa usiku mmoja. Kwa sababu gani? Maji yaliyomo ndani ya majani huganda na kuyaharibu; asubuhi yamekuwa meusi, yamelegea kama mboga iliyopikwa.

Wenyeji walilijua jambo hili tangu zamani. Huko Versailles, katika Ufaransa, mfalme Louis XIV alijengewa jumba la kuihifadhi michungwa yake, miaka ya 1684 hadi 1686. Hata leo michungwa ya huko, iliyopandwa katika masanduku, huingizwa ndani mwezi wa Oktoba na kutolewa mwezi wa Mei.

Basi, mwenye mpilipili afanyeje? Kwanza, asingoje jalidi. Joto la usiku likianza kushuka chini ya digrii 10, auingize. Lakini kwanza atazame chini ya majani na kuwaosha wadudu. Pili, apunguze matawi, auweke penye mwanga, mbali na moto. Tatu, na hapo ndipo wengi hukosa, asiunyweshe kila siku. Mchana wa huko ni mfupi, mmea kama umelala. Maji yakituama, mizizi huoza. Atie kidole udongoni: ukiwa mkavu, amwagie kidogo.

Sisi wenyewe, tulipokaa huko, tuliunywesha wetu kila asubuhi kwa huruma. Majani yalipoanguka, tukazidisha maji. Ukafa. Si baridi iliyouua, ni sisi.

Tena jua la Aprili hudanganya. Watunza bustani wa Ubelgiji hungoja zipite sikukuu za watakatifu Mamerti, Pankrasi na Servasi, tarehe 11 hadi 13 Mei, wanaoitwa Watakatifu wa Barafu. Ndipo mmea hutolewa, kwanza kivulini siku chache, kisha juani.

Mwandikieni ndugu yenu habari hizi. Na akiona Januari mmea wake hauna jani hata moja, asiutupe upesi. Akwaruze ganda kwa ukucha: akiona kijani, ungali hai. Asubiri.