Mizinga ya Changi Haikukosa Shabaha kwa Kuelekea Baharini

Naona ni wajibu kuutetea ukweli wa ile ngome ya mizinga ya Changi, huko Singapore, iliyopewa jina la Johore kwa kuwa sehemu ya gharama zake ilitokana na hidaya ya pauni 500,000 aliyoitoa Sultani wa Johor mwaka 1935, kwa jubilei ya Mfalme George wa Tano. Imekuwa ada ya watu kunena ya kwamba mizinga yake mitatu, yenye midomo ya inchi 15 na kutupa kombora la zaidi ya kilo 800, ilielekea baharini tu, ndipo Wajapani walipoujia mji kwa upande wa bara isifae kitu. La hasha! Miwili katika hiyo iliweza kugeuzwa kuelekea bara, nayo ilinguruma kweli mwezi wa Februari 1942. Dosari ilikuwa ghalani, kwa maana akiba kubwa ilikuwa makombora ya kutoboa vyuma vya manowari, ambayo yakiangukia udongo laini hujizika chini kabla ya kupasuka, yasiwadhuru sana askari waliotawanyika. Waingereza wakailipua wenyewe kabla ya kusalimu amri tarehe 15, na mahandaki yake yakasahauliwa hata mwaka 1991. Huniuma sana kusikia wapiga mizinga wale wakidhihakiwa, ilhali hawakuwa wao walioamua ghala lijazwe nini. Leo pale umesimamishwa mfano wa mzinga mmoja, na mahandaki ya asili yangali chini yake.